Kabla ya Kupanda Mashine ya Mtetemo, Uliza Mguu Umevimba kwa Nini

Kifaa kinachouzwa siku hizi mitandaoni na madukani kwa jina la mashine ya kutetemesha mwili hakina maajabu ukikitazama. Ni ubao mnene wenye mota ndani, unawekwa sakafuni, mtu anaupanda kwa miguu miwili, anabonyeza rimoti na mwili mzima unatikisika. Maajabu yako kwenye maelezo ya muuzaji. Kwanza aliahidi kupunguza kitambi na kukaza misuli. Sasa ameongeza mengine: mashine itachangamsha mzunguko wa damu, itasukuma limfu iliyotuama na kutoa sumu mwilini. Anayelengwa anajulikana. Ni mtu ambaye ikifika jioni viatu vinambana, soksi zinamwachia alama, na akibonyeza kidole juu ya kifundo cha mguu shimo linabaki.

Ahadi hiyo inafaa kupimwa kutokea Moshi, mkoani Kilimanjaro. Hapa ndipo ilipo KCMC, hospitali ya rufaa ya kanda iliyofunguliwa mwaka 1971. Hapo hapo kuna RDTC, kituo cha kikanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992 na kinachopokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Kuna mafunzo ya fiziotherapia, na kuna TATCOT, chuo kinachowafundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi tangu mwaka 1981. Ukipanda kutoka hapo kuelekea Kibosho, Uru au Old Moshi unaingia kwenye udongo wa volkano na kwenye vijia vya mteremko ambavyo wazee kwa vijana wanavipanda kwa miguu. Ukishuka mjini unakuta maduka, ofisi na vyerehani ambako watu wanakaa kutwa nzima. Miguu iliyovimba iko pande zote mbili, ila sababu zake hazifanani.

Hoja ya uchambuzi huu ni hii: mashine ya mtetemo ina kazi yake, na kazi hiyo inaelezeka. Lakini ni ndogo kuliko inavyotangazwa, na nafasi yake ni mwisho wa foleni ya mambo ambayo mguu uliovimba unayahitaji. Anayeanza na mashine ameruka swali la kwanza, nalo ni kwa nini mguu umevimba.

Maji yanayopanda bila moyo

Damu inapopita kwenye mishipa myembamba kabisa, sehemu ya maji yake huvuja na kuingia katikati ya seli. Vitabu vya zamani vilifundisha kwamba maji mengi hurudi moja kwa moja kwenye mishipa hiyo hiyo na limfu, yaani maji yanayorudi kwa mirija yake yenyewe yenye tezi njiani, hubeba masalio tu. Utafiti wa miongo ya karibuni umebadili picha hiyo. Katika sehemu nyingi za mwili, karibu maji yote yaliyovuja hurudi kwa njia ya limfu. Hesabu zinazokubalika ni kwamba tishu hutoa hadi lita 8 kwa siku, na baada ya tezi kunyonya sehemu yake njiani, lita kama 4 huingia tena kwenye damu. Tezi zenyewe ni mia kadhaa. Za kinena tunazifahamu zaidi zinapovimba na kuitwa mitoki. Mwisho wa safari ni chini ya shingo, nyuma ya mtulinga wa kushoto, ambapo mfereji mkuu wa limfu humwaga maji yake kwenye mshipa mkubwa wa damu.

Wachagga wa Kilimanjaro walichimba mifereji iitwayo mifongo kuyaleta maji ya mito ya juu hadi kwenye vihamba, yaani mashamba ya nyumbani, na kazi ya kuyasukuma waliuachia mteremko. Limfu ya mguuni inafanya safari ya upande wa pili: inapanda kutoka kwenye unyayo hadi shingoni, na hakuna moyo unaoisukuma. Inategemea mambo manne. La kwanza ni mirija yenyewe, ambayo ina misuli myembamba inayojikaza mara kadhaa kwa dakika. La pili ni vali ndogo zilizopangwa ndani ya mirija, zinazozuia maji kurudi chini. La tatu ni misuli ya jirani, hasa kigimbi, ambacho kila hatua ya mguu hukikaza na kukilegeza. La nne ni pumzi: kifua kikipanuka, shinikizo ndani yake hushuka na maji ya tumboni na miguuni hupata nafasi ya kupanda.

Kuna jambo la tano, dogo, ambalo ndilo linaloipa mashine ya mtetemo mantiki yake. Vimirija vya mwanzo kabisa, vile vilivyo chini ya ngozi, havina misuli. Hufunguka pale ngozi na nyama zinapovutwa na kusogezwa, kisha maji huingia. Kwa hiyo kitu chochote kinachosogeza ngozi kwa upole kinaweza kusaidia hatua hiyo ya kwanza. Ndiyo maana ukandaji wa limfu, ambao Emil Vodder na mkewe Estrid kutoka Denmark waliuonyesha mjini Paris mwaka 1936, hutumia mikono myepesi inayonyoosha ngozi badala ya kuikandamiza. Kinachodaiwa na wauzaji kuhusu sumu hakina msingi katika mpango huu. Kazi ya kusafisha damu ni ya ini na figo, na mtetemo hauyaongezei hayo mawili nguvu yoyote.

Kutoka kiti cha Charcot hadi sebuleni

Wazo la kutibu kwa kutikisa si geni. Katika karne ya 19, Msweden Gustav Zander alitengeneza mashine za mazoezi, zikiwemo za kutetemesha. Mwaka 1892 Jean-Martin Charcot, daktari mashuhuri wa mishipa ya fahamu wa Ufaransa, alieleza kuhusu kiti cha mtetemo alichokitengeneza baada ya kuona kwamba wagonjwa wake wa Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka mikono, walijisikia nafuu baada ya safari ndefu za treni na magari ya farasi. Nchini Marekani, John Harvey Kellogg naye aliweka viti vya aina hiyo katika sanatorio yake ya Battle Creek. Baadaye Vladimir Nazarov wa Umoja wa Kisovyeti akapeleka mtetemo kwa wanamichezo, na kuelekea mwisho wa miaka ya 1990 Ulaya ikazalisha mashine mbili zilizoteka soko: Galileo ya Ujerumani na Power Plate ya Uholanzi. Zinazouzwa leo kwa laki kadhaa za shilingi ni wajukuu wa hizo, kwa ubora unaotofautiana sana.

Tofauti kubwa iko katika namna ubao unavyocheza. Katika aina moja ubao wote hupanda na kushuka kwa pamoja. Katika nyingine unainama kulia na kushoto, mguu mmoja ukipanda wakati mwingine unashuka, mfano wa mtu anayetembea haraka. Kisha kuna idadi ya mitetemo kwa sekunde, ambayo kwa kawaida ni kati ya 5 na 40, na urefu wa kila mtikisiko, ambao ni milimita chache. Ubao unapotikisika, misuli hunyooshwa kidogo tena na tena, nayo hujibu kwa kujikaza bila mtu kuamua. Hapo ndipo sehemu kubwa ya faida ilipo. Mashine haisukumi damu wala limfu. Inachofanya ni kuuamsha msuli, kisha msuli ndio unaosukuma.

Kisa cha kiti cha Charcot kina mwendelezo unaofaa kukumbukwa. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani walikirudia kwa wagonjwa 23 wa Parkinson. Baadhi walikaa kwenye kiti kinachotetema, wengine kwenye kiti kile kile kisichotetema huku wakisikiliza sauti za kutuliza. Makundi yote mawili yalipata nafuu. Charcot alikuwa ameiona nafuu ya kweli, ila haikuhitaji mtetemo.

Ushahidi unafika wapi

Kwa upande wa mzunguko wa damu kuna kitu cha kushika. Mwaka 2001 watafiti wa Vienna wakiongozwa na Katharina Kerschan-Schindl waliwapandisha watu 20 wenye afya kwenye ubao unaoinama kulia na kushoto, mitetemo 26 kwa sekunde, kwa jumla ya dakika 9. Kasi ya wastani ya damu katika mshipa wa nyuma ya goti ilipanda kutoka sentimita 6.5 hadi 13 kwa sekunde. Hilo ni ongezeko kubwa, na linaeleza kwa nini watu wengi wanaoshuka kwenye mashine husema miguu inawasha na imepata joto. Lakini ni ongezeko lile lile unalolipata ukifanya kazi ya misuli ya namna yoyote.

Kwa upande wa limfu, jaribio linalonukuliwa zaidi ni la mwaka 2005, la Julian Stewart na wenzake wa Marekani. Walitetemesha nyayo za wanawake 18 wa umri wa kati kwa mtikisiko mdogo mno, usioweza hata kumwagia mtu chai. Mitetemo 45 kwa sekunde ilionekana kuboresha mtiririko wa damu na wa limfu miguuni. Ni matokeo ya kuvutia, ila hawakuwa wagonjwa wenye uvimbe wa limfu, na jaribio lilitazama kinachotokea mtetemo unapoendelea. Mgonjwa anataka kujua kingine: je, kesho asubuhi mguu utakuwa mdogo, na baada ya miezi sita hali itakuwaje? Majaribio yaliyohusisha wagonjwa halisi ni machache na madogo, na mara nyingi mtetemo uliunganishwa na ukandaji au bandeji, hivyo ni vigumu kutenga sehemu ya kila kimoja.

Tahadhari hiyo ina funzo lake nje ya limfu. Kwa muda mrefu mtetemo ulitangazwa kuwa utaimarisha mifupa ya wazee, na majaribio ya wanyama pamoja na ya watu wachache yaliunga mkono. Kisha likaja jaribio kubwa zaidi lililochapishwa mwaka 2015: wazee 174 wenye wastani wa umri wa miaka 82 walisimama kwenye ubao dakika 10 kila siku kwa miaka miwili, nusu yao kwenye ubao usiotetema ipasavyo. Mifupa ya makundi hayo haikutofautiana. Kinachofanya kazi dakika kumi maabara si lazima kifanye kazi miaka miwili sebuleni.

Mguu mmoja, sababu nyingi

Hapa ndipo Kilimanjaro inapofundisha zaidi. Mwaka 2015 kulichapishwa utafiti wa figo uliofanyika katika wilaya za Moshi, nyumba kwa nyumba, kwa watu wazima 481. Ugonjwa sugu wa figo ulikutwa kwa asilimia 7.0 kwa ujumla, lakini mjini ulikuwa asilimia 15.2 na vijijini 2.0. Katika jamii hiyo hiyo, shinikizo la juu la damu lilikutwa kwa asilimia 28, na wengi hawakujua kwamba wanalo. Namba hizi zinamhusu moja kwa moja anayefikiria kununua mashine. Figo zikichoka, mwili hubaki na chumvi na maji, na maji hayo hushuka miguuni. Moyo ukichoka kwa sababu ya presha ya miaka mingi, matokeo ni hayo hayo. Mtu wa namna hii akipanda ubao wa mtetemo, anarudisha kwenye damu maji ambayo moyo au figo tayari zimeshindwa kuyahudumia. Anachohitaji ni kupimwa presha, mkojo na damu.

Sababu nyingine iko kwenye mfuko wa dawa. Amlodipini, moja ya dawa za presha zinazotumika sana nchini, huvimbisha vifundo vya miguu kwa baadhi ya wagonjwa. Uvimbe huo hautokani na limfu kukwama, na hauondoki kwa kutetemeshwa. Suluhisho ni daktari kupunguza dozi au kubadili dawa. Mgonjwa anayeacha dawa mwenyewe ili miguu ipungue amejiweka kwenye hatari ya kiharusi.

Kwa mjamzito, uvimbe kidogo wa miguu ni wa kawaida, lakini ukija ghafla usoni na mikononi, ukiambatana na kichwa kuuma au macho kuona ukungu, unaweza kuwa dalili ya kifafa cha mimba. Huyo anakwenda hospitali siku hiyo hiyo. Na mguu mmoja tu uliovimba kwa siku chache, unaouma na wenye joto, humfanya daktari afikirie damu iliyoganda ndani ya mshipa. Bonge hilo likichomoka huenda kwenye mapafu na linaweza kuua. Kuutikisa mguu huo ni kucheza na hatari hiyo. Wasafiri wanaotua kwenye uwanja wa ndege wa KIA baada ya safari ya usiku kucha na wapanda mlima waliopungukiwa maji wanapaswa kulijua hili sawa na wenyeji.

Kisha zinakuja sababu za limfu yenyewe. Kwenye mwambao, kuanzia Tanga hadi Lindi, matende na mabusha hutokana na minyoo inayoenezwa na mbu. Tanzania ilianza kugawa dawa kwa jamii nzima mwaka 2000, ikianzia Mafia. Mgonjwa aliyeko Moshi anaweza kuwa aliupata huko alikoishi zamani. Saratani ya Kaposi, ambayo wataalamu wa RDTC wanaifahamu sana, huziba njia za limfu na kuufanya mguu kuwa mzito na mgumu. Mwanamke aliyeondolewa tezi za kwapani kwa sababu ya saratani ya matiti anaweza kuvimba mkono miezi au miaka baadaye.

Sababu ya mwisho inatoka ardhini. Podokoniosisi ni uvimbe wa miguu unaowapata watu waliotembea peku miaka mingi juu ya udongo mwekundu wa volkano katika nyanda za juu zenye mvua nyingi. Chembe ndogo za madini hupenya ngozi ya unyayo, na kwa watu wenye urithi fulani wa vinasaba huchochea uvimbe unaoharibu mirija ya limfu. Daktari wa upasuaji Mwingereza Ernest Price aliuchunguza kwa miaka mingi Ethiopia. Mwaka 2015, wilayani Kamwenge, magharibi mwa Uganda, wagonjwa waliodhaniwa kuwa na matende ya mbu walichunguzwa na ikabainika kwamba tatizo lilikuwa udongo na miguu isiyo na viatu. Kisa cha ugonjwa huu kimeandikwa pia kaskazini mwa Tanzania. Miteremko ya Kilimanjaro ina udongo wa volkano na mvua. Bahati ni kwamba viatu, hata vya mtumba kutoka soko la Memorial, vimekuwa jambo la kawaida. Mzee aliyelima kihamba peku utotoni na ujanani, akija na miguu yote miwili imevimba chini ya magoti, aulizwe historia hiyo.

Tiba isiyo na rimoti

Kwa uvimbe wa limfu, vilivyothibitika ni vitu visivyopendeza kwenye tangazo: maji safi, sabuni, mafuta ya ngozi, kiatu, bandeji, kuinua mguu na mazoezi. Kwa nini sabuni? Kwa sababu mguu uliojaa limfu hupoteza ulinzi wake. Bakteria wakiingia kupitia mpasuko kati ya vidole, huja homa, mitoki na maumivu makali, na kila shambulio huacha mirija ikiwa imeharibika zaidi. Nchini Ethiopia, jaribio lililochapishwa mwaka 2018 liliwafuatilia wagonjwa 696 wa podokoniosisi. Waliofundishwa kuosha miguu, kutunza ngozi, kufunga bandeji na kuvaa viatu walipata mashambulio 19.4 kwa mtu kwa mwaka, ikilinganishwa na 23.9 kwa waliokuwa wakisubiri zamu yao. Tofauti inaonekana ndogo hadi ukumbuke kwamba shambulio moja humlaza mkulima siku kadhaa.

Bandeji nayo ina hesabu yake. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2015 kuhusu mikono iliyovimba baada ya saratani ya matiti yalikuta kwamba bandeji za kubana peke yake zilipunguza uvimbe kwa takriban theluthi moja, na ukandaji wa limfu uliongeza kama asilimia 7 juu ya hapo. Ikiwa mikono ya mtaalamu inaongeza kiasi hicho tu juu ya bandeji, si busara kutarajia ubao wa plastiki ufanye zaidi bila bandeji. Sababu inaeleweka: mtetemo ukisimama, uzito wa maji unayarudisha chini. Bandeji inabaki mguuni na kuyazuia.

Mazoezi ya kawaida pia yamesafishwa jina. Kwa miaka mingi wanawake waliotibiwa saratani ya matiti walikatazwa kubeba vitu vizito kwa hofu ya mkono kuvimba. Mwaka 2009 Kathryn Schmitz na wenzake wa Marekani walichapisha jaribio la wanawake 141 wenye mikono iliyovimba tayari. Walionyanyua vyuma kidogo kidogo, chini ya uangalizi na wakivaa mkono wa kubana, hawakuvimba zaidi ya wengine, na hali ilizidi kuwa mbaya kwa wachache zaidi miongoni mwao. Msuli unaofanya kazi chini ya bandeji ni pampu. Kanuni hiyo inamfaa mama wa Machame anayebeba ndizi kwenda sokoni kama inavyomfaa mgonjwa wa Philadelphia, mradi mzigo uongezwe taratibu.

Mtetemo mwingine tulionao

Ipo hoja nyingine ambayo matangazo huiruka. Mtetemo wa mwili mzima umechunguzwa kwa miongo mingi kama hatari ya kazini kabla haujawa zoezi. Madereva wa malori, wa trekta za mashamba ya miwa kama yale ya TPC kusini mwa Moshi, na wa bodaboda wanaopanda barabara za mawe kutwa nzima, wote wamo katika kundi linalolindwa na viwango vya kimataifa, kikiwemo ISO 2631. Uti wa mgongo wa mtu aliyekaa hutikisika zaidi kwenye mitetemo kati ya 4 na 8 kwa sekunde, na maumivu ya mgongo ni lalamiko la kawaida la kazi hizo. Wanaoshika mashine za kukata na kutoboa kwa miaka hupata vidole vinavyokufa ganzi na kuwa vyeupe kwa sababu mishipa ya damu imebana. Kwa hiyo mtetemo haufungui mishipa siku zote. Inategemea kasi, nguvu, muda na mahali unapoingilia mwilini.

Mwaka 2013 watafiti wa Marekani, akiwemo Clinton Rubin aliyetumia miaka mingi kuchunguza faida za mtetemo mdogo kwa mifupa, walipima mashine za mazoezi zilizoko sokoni. Baadhi zilitoa mtikisiko uliovuka mipaka ya usalama ya viwango hivyo hata kwa matumizi ya dakika chache. Waligundua pia kwamba kukunja magoti hupunguza mtikisiko unaofika kichwani. Mnunuzi hana njia ya kuyajua haya kwa kusoma boksi.

Nani apande, nani asipande

Wasiopaswa kupanda kabla ya kuongea na daktari ni wengi: mjamzito, mwenye damu iliyoganda au anayeshukiwa kuwa nayo, mwenye betri ya moyo, aliyefanyiwa upasuaji karibuni, mwenye kifafa, mwenye mawe ya figo au ya nyongo, mwenye tatizo la retina, mwenye maumivu makali ya uti wa mgongo, na mwenye kidonda au ngozi iliyowaka kwa maambukizi. Mwenye kisukari asiyehisi nyayo zake ana hatari ya kuumia bila kujua. Mwenye saratani ambayo bado inatibiwa afuate ushauri wa wanaomtibu.

Anayebaki ni nani? Ni mtu ambaye sababu ya uvimbe imejulikana na si ya hatari, kwa mfano anayekaa sana, mwenye vena zilizolegea kidogo, au mzee ambaye magoti hayamruhusu kutembea vya kutosha. Kwa huyo mzee mashine inaweza kuwa na maana kuliko kwa kijana, kwa sababu msuli wake haupati kazi kwa njia nyingine. Asimame karibu na kitu imara cha kushika, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo, aanze na kasi ndogo kwa dakika chache, na asizidishe kumi. Kizunguzungu, maumivu au ganzi ni amri ya kushuka. Asiyeweza kusimama anaweza kukaa kwenye kiti na kuweka nyayo tu juu ya ubao.

Na apime. Futi ya fundi cherehani inatosha. Achague sehemu mbili, juu ya kifundo na katikati ya kigimbi, aweke alama, apime asubuhi kabla ya kupanda, baada ya kushuka, na asubuhi ya siku inayofuata, akiandika kila namba. Kipimo cha tatu ndicho chenye hukumu. Mguu uliopungua kwa saa moja na kurudi pale pale asubuhi umepewa burudani. Baada ya wiki tatu daftari litaeleza kama mashine inastahili nafasi yake sebuleni.

Mteremko na kiti

Tofauti ya ugonjwa wa figo kati ya Moshi mjini na vijijini haiwezi kuelezwa na kutembea peke yake. Kuna chakula, dawa, umri na mengine. Lakini inaonyesha kwamba mwili wa mjini na wa mteremkoni hauishi maisha yale yale. Anayepanda kutoka barabarani hadi kwenye kihamba hukaza kigimbi maelfu ya mara kwa siku na kuvuta pumzi nzito, yaani anafanya kwa pamoja mambo mawili ambayo limfu inayahitaji. Bodaboda imefika karibu kila mtaa wa mlimani na imeokoa maisha ya wengi wanaowahishwa zahanati, lakini kwa mtu mzima asiye mgonjwa imempunguzia pia hatua hizo. Fundi cherehani wa mjini anaweza kuzirudisha sehemu yake bure: anyanyue visigino mara ishirini kila saa, atembee dakika tano, avute pumzi za tumbo.

Wauzaji nao wana wajibu. Mashine ikiuzwa kama kifaa cha mazoezi ni biashara ya kawaida. Ikitangazwa kuwa inatibu uvimbe, matende au figo, imeingia kwenye eneo la vifaa tiba, ambavyo usimamizi wake uko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), na anayeitangaza hivyo anapaswa kuulizwa ushahidi. Kwa zahanati na vituo vya afya vya mlimani, hatua yenye faida zaidi ni kila mwenye mguu uliovimba kupimwa presha na mkojo na kuulizwa dawa anazotumia, na kila mwenye uvimbe wa limfu kufundishwa kuosha, kukausha, kupaka mafuta na kufunga bandeji kabla hajaondoka. Laki kadhaa za mashine moja zinanunua bandeji, sabuni na viatu vya muda mrefu, pamoja na nauli ya kutoka Rombo hadi KCMC kwenda kujua chanzo. Aliyekwisha kufanya hayo yote na bado ana fedha na hamu ya kutetema, hana sababu ya kuzuiwa.